Kilichotarajiwa na Kilichopatikana: Historia ya Hesabu za Mavuno Katika Kemia

Hesabu ya mavuno ni miongoni mwa mazoezi ya kwanza anayokutana nayo mwanafunzi wa kemia aingiapo maabara. Hupima vitendanishi, yaani dutu anazokusudia kuzifanya zimenyuke, hukokotoa kutokana na mlinganyo wa kemikali kiasi cha zao kinachopaswa kutokea, hufanya jaribio, hulichuja zao lake na kulikausha, hulipima, kisha hugawanya kiasi alichokipata kwa kiasi kilichotarajiwa na kuzidisha jibu kwa 100. Asilimia inayotoka ndiyo huitwa mavuno ya mmenyuko. Ukokotoaji huo hauhitaji zaidi ya kuzidisha na kugawanya, na kwa sababu hiyo vitabu vingi vya shule huupitia kwa kurasa mbili tatu kana kwamba ulikuwepo tangu zamani. Hata hivyo, namba moja katika hesabu hiyo, ile inayokaa chini ya mstari wa kugawanya, iliwachukua wanakemia wa Ulaya zaidi ya miaka mia moja kuipata, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kusema kwamba zao limepungua au limezidi pasipo kujua kwanza lilipaswa kuwa kiasi gani. Historia inayofuata ni ya namba hiyo, na ya watu walioitilia maanani tofauti ndogo kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana, wakati wenzao waliiona kuwa ni kasoro ya mizani tu.

Kupima kwenyewe hakukuwa jambo geni. Wafua dhahabu na wakaguzi wa sarafu walikuwa na mizani nyepesi karne nyingi kabla ya kemia kuwa elimu inayojitegemea, na wauza dawa walifuata vipimo vilivyoandikwa. Kilichowashinda ni gesi, ambazo ziliponyoka kutoka chunguni bila kuandikwa popote, au ziliingia kutoka hewani bila kualikwa, hivyo kwamba dutu iliyochomwa mara ilipungua uzito na mara iliongezeka, na hakuna kanuni moja iliyoweza kueleza hali zote mbili. Mskoti Joseph Black, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1756, alichoma unga mweupe uliotumiwa wakati huo kama dawa ya tumbo, ambao leo hujulikana kuwa kabonati ya magnesi, akaona kwamba ulipoteza zaidi ya nusu ya uzito wake; kisha akayayeyusha mabaki katika asidi, akaongeza alikali yenye kabonati, na mashapo yaliyotua, yaani unga usioyeyuka uliozama chini ya chombo, yalikuwa na karibu uzito wote wa awali. Black alieleza kwamba kilichopotea kilikuwa gesi, ile ambayo leo huitwa kaboni dioksidi, na kwamba gesi hiyo ina uzito unaoweza kuondolewa na kurudishwa. Jambo hilo laonekana dogo, lakini ndilo lililoiingiza hewa kwenye daftari la hesabu.

Aliyeligeuza daftari hilo kuwa kanuni ni Mfaransa Antoine Lavoisier, aliyezaliwa Paris mwaka 1743. Lavoisier alikuwa mbia katika shirika la watu binafsi lililokusanya kodi kwa niaba ya mfalme, na si vigumu kuiona athari ya kazi hiyo katika kemia yake, ambamo kila kilichoingia kilipaswa kulingana na kilichotoka. Mapato ya shirika hilo yalimwezesha kuagiza mizani sahihi kuliko zile walizokuwa nazo wanakemia wengi wa zama zake, na mkewe, Marie-Anne Paulze, alimsaidia kuweka kumbukumbu za majaribio na kuchora vyombo vyake. Katika kitabu chake cha misingi ya kemia kilichotoka mwaka 1789, alieleza wazi kwamba katika kila tendo la kemia kiasi cha maada huwa kilekile kabla na baada ya tendo, na kwamba ufundi wote wa kufanya majaribio ya kemia umejengwa juu ya dhana hiyo. Bila dhana hiyo alama ya usawa katika mlinganyo haina maana yoyote.

Jaribio lake mashuhuri zaidi lastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa ndani yake mna hesabu ya mavuno ingawa yeye mwenyewe hakuiita hivyo. Lavoisier alitia zebaki katika chombo chenye shingo ndefu iliyopinda, shingo hiyo ikaungana na hewa ya ujazo wa inchi 50 za mchemraba iliyofungiwa, akaipasha zebaki moto kwa siku 12 mfululizo. Punje nyekundu zilijitokeza juu ya zebaki, na hewa ikapungua hadi kufikia inchi 42 au 43. Alizikusanya punje zile, ambazo ni oksidi ya zebaki, akazipima, zikawa na uzito wa greni 45. Alipozipasha moto mkali zaidi peke yake, zilimrudishia greni 41.5 za zebaki pamoja na inchi 7 hadi 8 za gesi iliyowasha mshumaa kwa mwanga mkali, ambayo yeye ndiye aliyeipa jina la oksijeni. Tofauti ya greni 3.5 ilikuwa uzito wa gesi hiyo. Kwa uzito wa atomu unaotumika leo, ambapo zebaki ni 200.59 na oksijeni ni 16.00, greni 45 za oksidi hiyo zingepaswa kutoa greni 41.68 za zebaki. Lavoisier kwa hiyo aliirejesha zaidi ya asilimia 99.5 ya zebaki yote. Ni mavuno ambayo mwalimu yeyote wa leo angeyatilia shaka kama yangeletwa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Lavoisier mwenyewe hakuwa na njia ya kuipata ile 41.68: aliweza kuhakiki kwamba hakuna kilichopotea, lakini hakuweza kutabiri kabla ya jaribio ni kiasi gani kingepatikana. Aliuawa kwa mashine ya kukata vichwa tarehe 8 Mei 1794, pamoja na wabia wenzake wa shirika la kodi.

Hatua ya kutabiri ilianza Ujerumani, kwa mtu ambaye wenzake hawakumsoma sana. Jeremias Benjamin Richter, aliyeandika tasnifu yake ya mwaka 1789 kuhusu matumizi ya hisabati katika kemia, alitambua kwamba mimumunyo miwili ya chumvi zisizo na uasidi wala ualikali ikichanganywa na kubadilishana viambato, mchanganyiko hubaki vilevile bila uasidi wala ualikali. Akahitimisha kwamba kiasi cha kila alikali kinachotosha kuizima asidi fulani lazima kiwe na uwiano usiobadilika na kiasi kinachotosha kuizima asidi nyingine. Mwaka 1792 alilipa tawi hilo la hesabu jina la stoikiometria, ambalo bado linatumika kwa hesabu zote za viwango vya dutu zinazomenyuka. Maandishi yake yalikuwa mazito na yamejaa kanuni za hisabati ambazo nyingine hazikuwa na msingi, na huenda yangesahaulika kama Ernst Gottfried Fischer asingeyakusanya matokeo yake mwaka 1802 katika jedwali moja fupi, ambamo asidi ya salfa ilipewa namba 1000 na kila alikali ikapewa namba inayoonyesha kiasi cha kuizima: chokaa 793, soda 859, na kadhalika. Vipimo vya kisasa vinaipa chokaa takribani 700 na soda takribani 775, hivyo jedwali lilikosea kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Pamoja na kosa hilo, lilikuwa jambo jipya kabisa, kwani mtu aliyekuwa nalo aliweza kusema mapema ni kiasi gani cha chokaa angehitaji, kabla hajagusa chombo chochote.

Kabla jedwali hilo halijazoeleka, kulizuka mabishano ambayo yaligusa mzizi wa suala zima. Joseph-Louis Proust, Mfaransa aliyefanya kazi Hispania, alichapisha mwaka 1799 utafiti wake juu ya shaba, akieleza kwamba ratili 100 za shaba zikiyeyushwa katika asidi ya salfa au ya naitriki, kisha mashapo yakatuzwa kwa kabonati ya soda au ya potashi, daima hutoa ratili 180 za kabonati ya kijani, na kwamba kabonati hiyo ya maabara haina tofauti ya muundo na jiwe la kijani linalochimbwa ardhini. Kutokana na hayo alidai kwamba kila kampaundi, yaani dutu iliyoungana kutokana na elementi mbili au zaidi, ina uwiano wake maalumu wa uzito ambao binadamu hawezi kuuongeza wala kuupunguza. Dai hilo ni sahihi, lakini namba yake inafaa kuchunguzwa: kwa fomula inayokubalika leo, ratili 100 za shaba zinapaswa kutoa takribani ratili 174 za kabonati hiyo, kwa hiyo Proust alikuwa na mavuno ya zaidi ya asilimia 103. Maada haiwezi kuzaliana, na maelezo yaliyo karibu zaidi ni maji, ambayo mashapo ya aina hiyo huyashika na kuyaachia kwa shida. Kanuni ya uwiano maalumu ilitangazwa, basi, kwa kutumia zao ambalo pengine halikuwa limekauka sawasawa.

Mpinzani wake alikuwa Claude-Louis Berthollet, naye alikuwa na sababu nzito. Berthollet alifuatana na Napoleon Bonaparte kwenda Misri mwaka 1798, na huko aliyaona maziwa ya Wadi el Natrun, ambayo kingo zake zimefunikwa na magadi. Katika maabara, kabonati ya soda ikichanganywa na kloridi ya kalsi hutoa mashapo ya chokaa na chumvi ya kawaida. Berthollet aliamini kwamba katika maziwa yale tendo lilikwenda kinyumenyume, chumvi na mawe ya chokaa vikitoa soda, kwa sababu tu vilikuwepo kwa wingi mno. Alihitimisha kwamba wingi wa kila dutu huathiri mwelekeo wa mmenyuko, na kwamba mimenyuko mingi haifiki mwisho bali husimama mahali ambapo pande mbili zimelingana nguvu. Kutoka hapo alivuka mpaka, akadai kwamba hata muundo wa kampaundi zenyewe hubadilika kulingana na wingi wa viambato, na katika kitabu chake cha mwaka 1803 alitoa mifano mingi ya vioo, aloi na mimumunyo. Proust alimjibu kwa subira kwa miaka kadhaa, akionyesha kwamba mingi ya mifano hiyo ilikuwa michanganyiko na si kampaundi, na wanakemia wengi wakamkubali. La kushangaza ni kwamba Berthollet mwenyewe alilichapisha jedwali la Fischer ndani ya kitabu hicho hicho, akaieneza Ulaya nzima silaha iliyotumiwa dhidi yake.

Historia imekuwa na desturi ya kumhesabu Berthollet miongoni mwa walioshindwa, na hukumu hiyo ni ya haraka mno. Alichokosea ni kuhusu muundo wa kampaundi nyingi. Kuhusu mimenyuko isiyofika mwisho alikuwa sahihi, na ndiyo sababu moja kubwa inayofanya mavuno yapungue hata mikononi mwa mtendaji hodari. Wanorwei wawili, Cato Guldberg na Peter Waage, waliiandika fikra hiyo kwa hisabati mwaka 1864, na tangu hapo ikawa nguzo ya elimu ya msawazo wa kemikali. Magadi nayo yameendelea kuwa somo zuri la hesabu hizi, hasa kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, ingawa magadi ya Bonde la Ufa hutokana na miamba ya volkano na chemchemi za maji ya moto, tofauti na alivyodhani Berthollet kuhusu yale ya Misri. Magadi ghafi ya Ziwa Magadi nchini Kenya ni fuwele zilizounganisha kabonati ya soda, bikabonati ya soda na maji; yakichomwa tanuruni hupoteza maji na kaboni dioksidi, na kinachobaki ni kabonati tupu inayohitajika katika viwanda vya kioo. Kwa fomula yake, kilo 100 za magadi ghafi yasiyo na takataka haziwezi kutoa zaidi ya kilo 70.3 za kabonati hiyo, hata mwenye tanuru awe na ustadi gani. Mtu anayeona kilo 30 zikipotea angeweza kudhani kiwanda kimefuja mali, lakini mlinganyo unamwambia kwamba mavuno ni kamili.

Nadharia ya atomu ya John Dalton, iliyochapishwa kuanzia mwaka 1808, ilitoa sababu ya uwiano maalumu: atomu za elementi moja zina uzito mmoja, na huungana kwa idadi kamili. Lakini Dalton alidhani kwamba maji yana atomu moja ya haidrojeni na moja ya oksijeni, na dhana hiyo ikavuruga uzito wa atomu kwa muda mrefu. Wanakemia wa vitendo hawakusubiri mzozo huo uishe. Mwingereza William Hyde Wollaston alitengeneza mwaka 1814 rula yenye ulimi unaoteleza, ambayo pembeni mwake mliandikwa majina ya dutu za kawaida zikiwa zimepangwa kwa uzito wake wa kuungana. Mtumiaji alisogeza ulimi hadi uzito wa chumvi aliyonayo, akasoma moja kwa moja ni kiasi gani cha kitendanishi kilichohitajika na ni kiasi gani cha mashapo atakachopata. Kwa hakika hicho kilikuwa kikokotoo cha mavuno, na kilifanya kazi bila kuhitaji atomu hata moja, kwa kuwa uwiano wa uzito ulitosha. Mswidi Jöns Jacob Berzelius, katika miaka hiyohiyo, alipima kampaundi zinazokaribia 2,000 na kuanzisha alama za herufi ambazo zinatumika hadi leo katika kila mlinganyo.

Kutoka kwa mafundi hao wachache, hesabu za mavuno zilifika kwa wanafunzi kupitia maabara moja ndogo katika mji wa Giessen, Ujerumani, ambako Justus von Liebig aliteuliwa mwaka 1824 akiwa na umri wa miaka 21. Mwaka 1831 alibuni chombo cha kioo chenye vitufe vitano vilivyojazwa mmumunyo wa potashi, ambacho kilinasa kaboni dioksidi yote iliyotoka katika dutu iliyochomwa; kwa kukipima chombo kabla na baada, mwanafunzi wa kawaida aliweza kujua kiasi cha kaboni katika sukari au mafuta, kazi ambayo awali ilihitaji bingwa. Kilichokosekana bado ni makubaliano. Katikati ya karne ya 19 baadhi ya wanakemia waliyaandika maji kwa fomula moja na wengine kwa nyingine, na August Kekulé aliweza kuorodhesha katika kitabu chake cha mwaka 1861 fomula 19 tofauti zilizopendekezwa kwa asidi ya siki peke yake. Mkutano uliofanyika Karlsruhe tarehe 3 hadi 5 Septemba 1860, uliohudhuriwa na wanakemia zaidi ya 120, haukufikia azimio lolote la maana. Hata hivyo, wajumbe walipokuwa wakiondoka waligawiwa kijitabu cha Mtaliano Stanislao Cannizzaro, kilichofufua hoja ya mwananchi mwenzake Amedeo Avogadro ya mwaka 1811, kwamba gesi zenye ujazo, joto na kanieneo sawa zina idadi sawa ya molekuli. Waliokisoma njiani, akiwemo Lothar Meyer, walikiri baadaye kwamba mashaka yao yaliondoka. Ndani ya muongo mmoja uzito wa atomu ulikuwa umekubalika kwa wengi, na namba ya chini ya mstari ikapata msingi imara.

Hatari ya kuiamini namba hiyo kupita kiasi ilikuwa imekwisha kuonekana London mwaka 1856. August Wilhelm Hofmann, mwanafunzi wa zamani wa Liebig, alikuwa amedokeza kwamba kwinini, dawa ya malaria iliyotoka katika magome ya mti wa mkwinini, huenda ikatengenezwa kutokana na lami ya makaa ya mawe. Mwanafunzi wake William Henry Perkin, aliyekuwa na umri wa miaka 18, alitazama fomula na kuona kwamba molekuli mbili za dutu moja ya jamii ya lami, zikiongezewa oksijeni na kuondolewa maji, zingelingana sawasawa na kwinini. Mlinganyo ulikuwa sahihi kwa kila atomu, na mavuno ya kwinini yalikuwa sifuri. Alichopata ni uchafu mwekundu wa kahawia. Fomula hutaja idadi ya atomu bila kueleza zimepangwaje, na wakati huo hapakuwa na aliyejua mpangilio wa atomu za kwinini. Perkin alirudia jaribio kwa kutumia anilini, akapata tope jeusi, na alipoliosha kwa alkoholi likatoa rangi ya zambarau iliyoshika kwenye hariri. Rangi hiyo ilikuwa sehemu ndogo sana ya tope lote, lakini iliuzwa kwa bei iliyofidia hasara, na kutokana nayo kukazuka viwanda vya rangi, ambavyo baadhi yake, kama Bayer iliyoanzishwa mwaka 1863, viligeukia dawa. Kwinini yenyewe iliendelea kutoka mitini; Wajerumani waliipanda miti hiyo kwa majaribio katika kituo chao cha Amani, milima ya Usambara, kilichoanzishwa mwaka 1902. Njia ya maabara ilipopatikana hatimaye katika karne ya 20, ilikuwa na hatua nyingi mno zisizoweza kushindana na shamba, na hapo hesabu ni kali: mfululizo wa hatua 10, kila moja ikiwa na mavuno ya asilimia 80 ambayo maabara nyingi zingeyasifu, huacha mwishoni chini ya asilimia 11 ya kilichotarajiwa.

Tofauti ndogo, kwa upande mwingine, imewahi kufichua elementi nzima. Lord Rayleigh aliripoti mwaka 1892 kwamba naitrojeni aliyoipata kutokana na amonia ilikuwa nyepesi kuliko naitrojeni iliyotoka hewani, na utafiti uliofuata ulionyesha kwamba tofauti hiyo hufikia sehemu moja kwa 200. Wengi wangeilaumu mizani. Rayleigh aliikagua mizani yake, akarudia, akabadili njia za kutengeneza gesi, na tofauti haikuondoka. Naye akakumbushwa jaribio la Henry Cavendish la mwaka 1785, ambamo kiputo kidogo kisichozidi sehemu moja ya 120 kilikataa kumenyuka hata baada ya cheche nyingi za umeme. Akishirikiana na William Ramsay, alitangaza mwaka 1894 gesi ya agoni, ambayo ni karibu asilimia moja ya hewa ambayo kila binadamu alikuwa akiivuta bila kuijua. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904, mmoja ya fizikia na mwingine ya kemia. Hapana mfano bora zaidi wa faida ya kutoifuta tofauti daftarini.

Kipimo kinachounganisha hesabu hizi zote leo ni moli, neno lililoingizwa katika kemia na Wilhelm Ostwald katika miaka ya 1890, likakubaliwa katika mfumo wa kimataifa wa vipimo mwaka 1971. Moli moja, tangu tarehe 20 Mei 2019, ni chembe 6.02214076 × 10²³ za dutu yoyote, na faida yake ni kwamba mlinganyo husomwa kwa moli ilhali mizani husoma gramu. Mfano unaotumika sana katika maabara za wanaoanza ni aspirini, dawa ambayo Felix Hoffmann wa Bayer aliitengeneza ikiwa safi mwaka 1897. Asidi ya salisili, ambayo moli yake moja ina gramu 138, humenyuka na anihidridi ya asetiki, yenye gramu 102 kwa moli, na kutoa aspirini, gramu 180 kwa moli, pamoja na asidi ya siki, gramu 60. Mwanafunzi aliyeanza na gramu 2.00 za asidi ya salisili na gramu 5.4 za anihidridi ana moli 0.0145 za ile ya kwanza na moli 0.053 za ya pili, na kwa kuwa mlinganyo unataka moja kwa moja, asidi ya salisili ndiyo itakayokwisha mapema. Dutu ya namna hiyo huitwa kitendanishi kikomo, kwa maana ndiyo inayoweka mpaka wa zao, kama seremala mwenye miguu 40 na mbao sita za juu asivyoweza kutengeneza zaidi ya meza sita. Kiasi kinachotarajiwa ni gramu 2.61, akipata 2.10, mavuno ni asilimia 80. Pungufu hilo lina vyanzo vinavyojulikana: sehemu ya aspirini hubaki imeyeyuka ndani ya maji, sehemu hunata kwenye karatasi ya kuchujia, na sehemu ya asidi haikumenyuka. Akipata gramu 2.75, hana la kujivunia, ana fuwele mbichi, na amerudia alichokifanya Proust.

Viwandani, asilimia hiyo ilipata maana nyingine. Fritz Haber alionyesha huko huko Karlsruhe, Julai 1909, chombo kilichounganisha naitrojeni na haidrojeni kuwa amonia chini ya kanieneo ya zaidi ya mara 170 ya ile ya hewa, na katika kila mzunguko ni sehemu ndogo tu ya gesi iliyogeuka. Mbinu iliyolivusha jaribio hilo hadi kiwanda cha BASF cha Oppau, kilichoanza kazi mwaka 1913, ilikuwa kuitoa amonia na kuzirudisha gesi ambazo hazijamenyuka ndani ya chombo tena na tena, kiasi kwamba mavuno madogo ya kila mzunguko yalijumlika na kuwa makubwa. Berthollet angelitambua tatizo, na pengine angelifurahia jibu.

Mabadiliko ya mwisho makubwa yaligusa swali lenyewe. Mmarekani Barry Trost alieleza mwaka 1991 kwamba mavuno hayasemi lolote kuhusu atomu ambazo mlinganyo wenyewe umezipangia kutupwa, akapendekeza kipimo alichokiita uchumi wa atomu, yaani uzito wa zao linalotakiwa ukigawanywa kwa uzito wa vitendanishi vyote. Kwa kipimo hicho, aspirini iliyotajwa hapo juu hupata asilimia 75 hata mwanafunzi asipopoteza punje moja, kwa sababu robo ya uzito hutoka kama asidi ya siki. Ibuprofeni, dawa ya maumivu inayouzwa katika maduka ya dawa duniani kote, ilitengenezwa kwa miaka mingi kwa njia ya hatua sita ya kampuni ya Boots ya Uingereza, yenye uchumi wa atomu wa asilimia 40. Njia mpya ya hatua tatu, iliyoanza kutumika kiwandani huko Bishop, Texas, mwaka 1992, ilifikia asilimia 77, na hukaribia 99 ikiwa asidi ya siki inayotoka pembeni itakusanywa na kutumiwa. Njia zote mbili zingeweza kuandikiwa mavuno mazuri kwa kila hatua, na bado moja ilitupa zaidi ya nusu ya kilichoingia. Walimu na watunga mitaala wanaoendelea kudai asilimia ya mavuno pekee katika ripoti ya maabara wangetenda vema wakiongeza safu ya pili kando yake, ya atomu zilizotumika na zilizotupwa, kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi kuliko ya kwanza na mwanafunzi tayari ana namba zote zinazohitajika.